Uzi wa Bluu kwenye Kabureta

Harufu ya petroli hunikausha mate hata leo. Hunirudisha kwenye gari la Papa, gari kuukuu la kulalia ambalo Wazungu fulani wasafiri walishindwa nalo, wakaliacha Kisangani. Nyuma lilikuwa na kitanda na jiko dogo, na kwa sababu ya jiko lile nilitamba mtaa wetu wote wa Mangobo, ingawa halikuwahi kuwaka.

Nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kuchuja petroli kabla haijamiminwa kwenye tangi. Papa alinipa soksi ya nailoni, akanionya nisitumie kitu kingine. Lakini soksi ile ilifaa mno kuwa gauni la mwanasesere wangu. Basi tulipokwenda Bengamisa kumsalimia nyanya, nikachujia kipande cha liputa ya Mama, kitenge cha bluu kilichochakaa hadi kuchambuka nyuzi.

Asubuhi iliyofuata Mama, mwenye mimba ya miezi saba, alianza kutokwa damu. Papa alimlaza kwenye kitanda cha gari tukaondoka mbio kwenda hospitali ya mjini. Njiani, kila Papa alipokanyaga mafuta, injini ilisita, ikakohoa, ikazimika. Alikagua buji zinazotoa cheche, zilikuwa safi. Akafungua kabureta, akatoa skrubu ndogo yenye tundu la kupitishia petroli, akaipuliza kwa mdomo. Pumzi haikupita. Nyuma Mama alikuwa akiuma kitambaa asipige kelele. Papa alichokoa tundu kwa kijiti cha ufagio, ukatoka uzi wa bluu.

Aliutazama uzi, akaitazama liputa aliyojifunika Mama, kisha akanitazama mimi. Akautia mfukoni.

"Iko nini, papa?" Mama aliuliza.

"Bon, iko vumbi tu, mama. Hii barabara iko na vumbi mingi."

Tulifika jua likiwa limeshapanda sana. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

Nilidhani Papa hakuelewa, nikafurahi, Mungu anisamehe. Hakunikaripia, wala hakunituma tena kuchuja petroli. Nilipozaa wangu ndipo nilipojua kwamba alielewa palepale barabarani, akachagua Mama asinichukie.

Papa ametangulia. Mama amezeeka, naishi naye, na kila msimu wa kiangazi yeye hulilaani vumbi la njia ya Bengamisa lililomuulia mwanawe. Mimi huchukua ufagio, nikafagia.