Barua ya Mzee Maduhu kwenye mahari ya Kabula

Natangaza rasmi: leo hapa kijijini Nkololo tumefundishwa neno "gainsay".

Mzee Maduhu alikuja kudai ng'ombe wa mahari ya Kabula.
"Damu yangu hiyo!"

Mama Kabula hakubishana. Akatoa barua aliyoandikiwa na mzee huyo enzi zile pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi, naye mzee akiwa karani wao, Kiswahili anakiona cha wakulima.

Mwalimu wa shule yetu akasoma: "I gainsay this pregnancy."

"Maana yake?" wazee wakauliza.
"Naikana mimba hii."

Wazee walicheka hadi kukohoa. (Nami nilicheka. Nyie mngempa hata ndama?)

"Mayu, mama yangu, nilikuwa kijana!" mzee akalia.
Mama Kabula akamjibu, "Sasa umezeeka, baba. Kunywa maji uende."

Maji aliletewa na Kabula mwenyewe.
Yeye na mzee wamefanana mpaka masikio.