Mkono wa Muuguzi wa Vichanga

Wodini walimwita Mkono Mwepesi. Kwa miaka kumi na tisa, mshipa wa kichanga ukikataa kuonekana, aliitwa yeye. Basi asubuhi moja, sindano ikiwa hewani, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka.

Hakumwambia mtu. Alisingizia mafua, akamwachia mwenzake kazi, akajifungia stoo kuutazama mkono kama wa mtu baki. Tangu hapo akaishi roho juu, akikwepa sindano kwa visingizio. Daktari alimpima, akasema, "Ugonjwa siuoni. Naona wasiwasi."

Wifi yake, mwalimu mstaafu, alikuwa akifanya yoga sebuleni kwake kila alfajiri.

"Njoo tufanye wote, wifi."

"Nijikunje kama kamba, na kibovu ni mkono?"

"Mabega yako yamegusa masikio, na hupumui, unameza hewa. Huo mkono utatuliaje?"

Akaenda, shingo upande. Wiki ya kwanza, kusimama kwa mguu mmoja kulimwangusha kwenye kochi, wifi yake akacheka hadi machozi. Kila baada ya mazoezi Mkono Mwepesi alipiga mstari kwa penseli kwenye daftari, auone mkono unavyokwenda. Wiki ya tano mistari ikaanza kunyooka. Ya sita ikapinda tena, akalia jikoni peke yake. Ya tisa ikanyooka, lakini karatasi si mkono wa mtoto.

Ndipo akamweleza matroni, msimamizi wa wauguzi wodini, yote.

"Miezi yote hiyo umekaa nalo moyoni?"

"Niliogopa utaniondoa wodini."

"Nitasimama kando yako. Ukikosa mara moja, unaniachia."

Mchana huohuo akaletwa kichanga wa siku tatu, amekauka kwa kuharisha, mama yake kaganda mlangoni. Mkono Mwepesi akakanyaga sakafu sawasawa, akashusha mabega, akatoa pumzi polepole. Ncha ya sindano ikacheza. Akangoja, akatoa pumzi nyingine. Ikatulia. Akaingiza, na damu ikachungulia kwenye mpira wa dripu.

"Umepata," matroni akasema, akibandika plasta.

Akaenda kwenye sinki akanawa kwa muda mrefu. Matroni akamrudisha kwenye zamu za dripu, kwa sharti kwamba mpaka mwisho wa mwezi awe na mtu pembeni. Alikubali haraka. Mwenyewe hakuwa na uhakika na kesho.