Duka la Kijapani Nyuma ya Mafundi wa Cherehani

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Nilikuwa natembea Satwa, nyuma ya mtaa wa mafundi wa cherehani, jua la Julai likinichoma utosi na lami ikinata kwenye ndara zangu, nikasikia harufu ya omena. Sisemi harufu iliyofanana na ya omena. Nasema omena wenyewe, wale dagaa wa ziwani waliokaushwa juu ya nyavu kuukuu kama tulivyowaanika kwa nyanya yangu kule Samia, karibu na ziwa. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nimeishi Dubai muda wa kutosha kujua kwamba mji ule ulinukia udi, dizeli, mafuta ya kukaangia na nguo zilizopigwa pasi, lakini haukunukia kwetu hata siku moja. Niliifuata ile harufu kama mbwa. Ikanipeleka hadi kwenye mlango wa kioo wa duka dogo lililobanwa kati ya gereji na fundi wa mapazia, na juu ya mlango palikuwa na maandishi yaliyonifanya nifikirie vijiti vilivyovunjwa na kupangwa upya. Nilisukuma mlango, baridi ya kiyoyozi ikanipiga usoni, nikauliza kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa Kiswahili, bila hata kufikiri ni nani angenijibu: "Mna omena?"

Sikuwa nimetumwa omena. Nilikuwa nimetumwa barafu, kwa sababu barafu ndicho kitu pekee ambacho mama yangu aliweza kukinyonya siku ile bila kukitapika. Alikuwa mjamzito. Mimba mbili baada yangu zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu ilikuja na kichefuchefu ambacho hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kukiona. Hakikuwa kile cha kutapika asubuhi kisha mtu akaendelea na shughuli zake. Mama alitapika chakula, akatapika maji, na alipokosa cha kutapika akatapika nyongo ya manjano, amepiga magoti katika bafu tuliloshiriki na wapangaji wengine. Tuliishi katika chumba kimoja kilichokatwa kwa mbao ndani ya nyumba ya watu wengi, na jikoni mchana kutwa palikuwa na mtu akikaanga kitunguu au kuchemsha mifupa. Kila harufu ilipopenya mbaoni, Mama alijifunika kitambaa usoni na kuanza upya. Hospitali walimlaza, wakamtundikia maji, akapata nguvu kidogo, wakamrudisha. Siku chache baadaye tulirudi pale pale tulipokuwa. Daktari alisema hali hiyo huwapata baadhi ya wanawake na kwamba itapita. Haikupita. Mikono yake ilikonda mpaka pete ya ndoa ikabidi ifungiwe uzi ili isidondoke.

Baba alifanya kazi katika ghala la mizigo kule Freezone ya uwanja wa ndege. Basi la kampuni lilimchukua kabla jua halijachomoza na kumrudisha limekwisha kuzama. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, lakini msimu ule alipungua maneno. Jioni aliketi ukingoni mwa kitanda na kijiko mkononi, akisema, "Mama Nabwire, jaribu kidogo tu. Kwa ajili ya mtoto." Naye Mama akageuka ukutani na kusema, "Baba Nabwire, niache. Nikijaribu nitakufa." Nyanya alipopigiwa simu alisema tumtafutie udongo wa kichuguu alambe, kama walivyofanya wanawake wote wa kwetu. Baba alicheka kicheko kibaya. Nchi nzima ilikuwa mchanga, na hapakuwa na udongo wa kumpa mjamzito. Nyuma ya mbao, Auntie Wambui, mpangaji mwenzetu aliyefanya kazi hotelini, alidhani nimelala alipomwambia mwenzake, "Huyu mwanamke atatufia humu ndani, na sisi ndio tutaulizwa." Mfa maji haachi kutapatapa. Tangu nilipoyasikia maneno yale nilianza kutapatapa kwa niaba ya mama yangu, nikizunguka Satwa mchana wakati watu wenye akili wamejificha ndani, nikitafuta kitu chochote kitakachokaa tumboni mwake.

Kwa hiyo nilipouliza omena, msichana aliyekuwa kwenye kaunta aliinua kichwa akanitazama kama aliyeona jini. "Banange! Wewe mtoto wa wapi?" Alikuwa Mganda wa Jinja, jina lake Shamim, amefunga hijabu ya kijivu na kuvaa aproni yenye maandishi yale yale ya mlangoni. Nilimwambia mimi ni Mkenya, wa Busia, na kwamba nimesikia omena. Alicheka, akanionyesha pakiti ya visamaki vikavu, akasema hivyo Wajapani huvichemshia supu. "Lakini ni omena tu, hata mimi nakula. Nani amekutuma?" Nikamweleza. Nilieleza yote, nyongo, pete na uzi, hata maneno ya Auntie Wambui, nikashangaa kwamba nilikuwa nalia. Mwenye duka akatoka nyuma ya mapazia. Alikuwa mama wa Kijapani mwenye mvi zilizokatwa fupi, na Shamim alimwita Madam Yoshiko. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na changu kilikuwa cha shuleni, lakini hatukuhitaji kingi. Alichora tumbo hewani kwa kiganja, kisha akaweka mkono mdomoni na kukunja uso. Nikaitikia kwa kichwa. Alikwenda rafuni, akarudi na kikopo cha matunda mekundu yaliyokunjamana, madogo kama kidole gumba, yaliyolowa katika maji ya chumvi. Alifungua, akanipa moja nionje. Lilikuwa kali kuliko ukwaju, lenye chumvi kuliko machozi, na taya zangu ziliuma hadi masikioni. Ni plamu, alisema Shamim, wameichachusha. "Kwao wagonjwa wote wanapewa hii na wali bokoboko."

Mama alilitia tunda lile mdomoni kwa sababu hakuwa na nguvu za kunikatalia. Nilimwona akifumba macho, mashavu yakiingia ndani, bega moja likipanda kama la mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nilishika beseni tayari. Akakaa. Akameza. Akakaa tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamka, "Nabwire, hii ni nini?" Jioni ile alikula vijiko kadhaa vya wali mlaini na tunda moja juu yake, na Baba alipoingia akamkuta ameegemea mto, akasimama mlangoni na viatu vyake mkononi, akaogopa hata kuzungumza asije akaharibu.

Ndivyo duka lile lilivyokuwa mahali pangu. Nilikwenda karibu kila siku, hata siku ambazo kikopo hakijaisha, kwa sababu pale ndani niliacha kuogopa kwa muda. Nilijifunza rafu zake zote kwa macho na pua, maana kusoma nisingeweza. Palikuwa na mwani mweusi uliokatwa kama karatasi za daftari, unga wa kijani uliopigisha chafya, chupa za mchuzi wa soya za kila kimo, na friji iliyojaa vitu vyeupe vilivyotikisika ndani ya maji. Shamim alinitajia majina, nusu ya majina hayo ameyazua mwenyewe. Wapishi wa mahoteli ya Al Barsha walikuja na magari yao, wakabeba magunia ya mchele na kuondoka bila kusalimu. Madam Yoshiko alikuwa akiniuliza kila mara neno moja tu, "Mama?" nami nikanyoosha kidole gumba juu, au nikakilaza. Msimu ule nilikiinua mara nyingi. Tumbo la Mama lilianza kuonekana. Usiku mmoja alinishika mkono, akauweka ubavuni mwake, nikahisi kitu kikigonga kama mtu anayebisha mlango kwa adabu.

Kisha rafu ikawa tupu. Shamim alisema kontena limekwama bandarini, na akaongeza inshallah kwa namna ambayo mtoto wa Dubai hujifunza mapema kuitofautisha: kuna inshallah ya ndiyo na kuna inshallah ya sijui. Hii ilikuwa ya pili. Tulijaribu ndimu, tukajaribu ukwaju wa bakala, kile kiduka cha Mhindi wa mtaani, tukajaribu achari ya embe. Mama alivitapika vyote. Ilikuwa kana kwamba ugonjwa ulikuwa umekaa pembeni ukisubiri tu. Alirudi sakafuni bafuni. Wapangaji walibisha mlango, kwanza kwa upole, baadaye kwa ngumi. Walipomlaza tena hospitali, alitoka baada ya siku chache akiwa na alama za sindano mikono yote miwili na macho ambayo hayakutulia mahali. Aliniambia, "Mwanangu, nimechoka hata kuomba." Sikuwahi kumsikia mama yangu, mwimbaji wa kwaya, akisema kitu kama hicho. Asubuhi ile nilisimama nje ya duka kabla halijafunguliwa, na Madam Yoshiko alipofika na funguo zake nililaza kidole gumba, kisha nikageuza mkono wote ukatazama chini, kwa sababu kidole kimoja hakikutosha.

Hakufungua duka. Alimpigia Shamim simu aje afungue, akanichukua ndani ya gari lake hadi nyumbani kwake, akaingia na kutoka na mtungi wa udongo uliofungwa kitambaa. Zilikuwa plamu alizozichachusha mwenyewe, za kula yeye na mumewe. Alinirudisha hadi chini ya jengo letu. Nilipanda ngazi nikiukumbatia mtungi kwa mikono miwili, nikiomba kwa sauti, nikimwambia Mungu kwamba sasa asiwe na haraka ya kumchukua Mama. Mlango wetu ulikuwa wazi. Auntie Wambui alikuwa amepiga magoti bafuni, amevaa sare ya kazini, kichwa cha Mama kikiwa mapajani mwake, na sakafu ilikuwa na damu. "Usiingie, mpenzi," aliniambia. "Ambulensi inakuja. Kaa hapo, usiingie." Nikakaa pale mlangoni na mtungi mapajani.

Alikuwa mvulana. Alipumua kidogo, ndivyo Baba alivyoambiwa, kisha akaacha. Baba na wanaume wawili wa ghalani walikwenda kumzika katika makaburi ya Wakristo, na aliporudi alinawa mikono kwa muda mrefu sana kwenye sinki la jikoni huku watu wakisubiri zamu zao za kupika. Walimruhusu Mama kurudi nyumbani. Kichefuchefu kilikuwa kimekwisha, kama kisichowahi kuwapo. Alikula chochote alichopewa, na hilo ndilo lilikuwa jambo baya kuliko yote.

Baba hakuwa na ruhusa ya kukaa nyumbani zaidi. Nilibaki mimi na Mama ndani ya mbao zetu. Siku moja nilimwona ameketi na kanga imemlowa kifuani, meno ameyauma, haguswi. Matiti yalikuwa yamejaa na kuwa magumu kama mawe. Hakuna aliyemwambia kwamba mwili haujui habari za makaburini. Kwao, mama yake angekuwepo, shangazi zake wangekuwepo, na wangejua la kufanya bila kuulizwa. Hapa alikuwepo mtoto wa miaka kumi. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga, lakini Mama hakuwa anaficha. Hakuwa na wa kumwambia. Nilivaa ndara nikashuka ngazi nikakimbia hadi dukani, nikapita katikati ya wapishi wenye sare nyeupe, nikasimama mbele ya kaunta nikasema: "Mama ana maziwa na hakuna mtoto."

Shamim aliacha mashine ya hesabu ikiwa wazi. Alimwambia Madam Yoshiko maneno machache, akajigusa kifua, na yule mama akafumba macho kidogo kisha akaenda moja kwa moja kwenye friji na kutoa kabichi nzima, baridi. Wote wawili walitoka nami. Mwenye duka aligeuza kibao cha mlangoni, na wapishi wakabaki nje wakigonga kioo. Chumbani kwetu Shamim alimwambia Mama, "Dada, samahani, nataka nikushike," akabandua majani ya kabichi, akayaponda kidogo kwa ngumi, akayapanga kifuani pake, na kumfunga kanga kwa nguvu kiasi. Madam Yoshiko alichuchumaa chini akimshika Mama nyayo za miguu. Hakuna aliyesema pole. Na mama yangu, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu hospitali, alifungua mdomo akalia kilio cha kwetu, kile cha matanga, kirefu chenye jina la mtoto ndani yake. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa amempa jina. Aliitwa Ouma. Nyuma ya mbao, mtu jikoni akazima jiko.

Mwaka ule ule Mama na mimi tulirudi Busia, Baba akafuata baadaye. Mimi nimerudi Dubai nikiwa mtu mzima. Nakaa Al Barsha, nasimamia usafi katika hoteli iliyo karibu na duka kubwa lile linalotembelewa na dunia nzima, na chakula cha Kijapani ninaweza kukibonyeza kwenye simu kikafika kwa pikipiki kabla sijamaliza kuoga. Nina chumba changu, chenye ukuta wa matofali. Majirani zangu siwajui, wala wao hawanijui, na tukikutana kwenye lifti tunatazama namba zikibadilika. Mwaka jana nilibeba mimba, na ikatoka ikiwa changa. Asubuhi iliyofuata nilivaa sare nikaenda kazini. Msimamizi wangu aliuliza kama niko sawa, nikamjibu, "Yes, madam," nikaendelea kukagua mashuka.

Ilipita miezi kabla sijamwambia Mama, kwa simu, katikati ya habari za mahindi na mvua. Aliacha habari za mahindi. Kisha akauliza, "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, Mama."

"Hata mtu mmoja?"

"Hata mmoja."

Nilimsikia akivuta kiti, akiketi. "Nabwire," alisema, "ulipokuwa na miaka kumi ulikuwa na akili kuliko sasa." Halafu akaanza kuniuliza, polepole, swali baada ya swali, nami nikajibu yote, hadi chaji ya simu yake ikaisha.