Dola ya Babu Iliyonyimwa Daraja

Tulipotoka kumzika kaka yangu Orrin, watu walishuka ukumbi wa chini wa kanisa kunywa kahawa. Sijamaliza hata kikombe cha kwanza, wanaume kadhaa walikuwa wameshaniuliza habari ya sarafu zake. Waliuliza kwa heshima, lakini waliuliza. Mtu aliyetumia maisha yake kupima sarafu za Marekani nzima, walidhani lazima ameacha masanduku yamejaa. Nikawajibu ukweli: ameacha moja tu, dola ya fedha ya mwaka 1885, na hiyo haina daraja. Walinitazama kama mtu anayesemeshwa na huzuni.

Kwa hiyo naandika, ili wanawe na vijana wa kanisa letu wamjue.

Orrin Sandvig alizaliwa katika shamba letu la ng'ombe wa maziwa, kaskazini mwa Iowa. Baba yetu, Gunder, alitaka arithi zizi. Orrin alikamua kama alivyoagizwa, lakini akili yake ilikuwa kwenye chenji iliyorudi kutoka dukani. Alianza kuokota senti za zamani akiwa mdogo, na alipomwoa Janelle tayari alikuwa na kabati zima la sarafu.

Enzi hizo biashara ya sarafu ilikwenda kwa mdomo. Sarafu ile ile ilikuwa mpya kabisa siku muuzaji anapokuuzia, halafu ikawa imechakaa ghafla siku unapomrudishia ainunue. Mwenye maneno mengi ndiye aliyekuwa na haki. Mwishoni mwa miaka ya sabini wakatokea watu waliosema kwamba sarafu ipimwe na mtu asiyeiuza wala kuinunua. Bi Lorraine Pruitt, aliyewahi kufanya kazi benki, alifungua ofisi ya namna hiyo mjini kwetu, juu ya duka la viatu, akamwita Orrin.

Alikuwa na sharti moja. Mpimaji hakusanyi, hanunui, hauzi. Orrin akaliuza kabati lake lote. Jioni ile Janelle alimkuta amekaa ndani ya gari mbele ya nyumba, injini imezimwa, mikono bado iko kwenye usukani. Hakulalamika, si kwa mkewe wala kwangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sarafu ililetwa mezani bila jina la mwenyewe. Wapimaji watatu waliitazama chini ya taa, kila mmoja kwa zamu yake, bila kusemezana, na kila mmoja akaandika namba yake, yaani daraja la sarafu. Sabini ilikuwa ya sarafu isiyo na kasoro yoyote. Namba zikipishana, walirudia. Mwishowe mwenyewe alirudishiwa sarafu pamoja na cheti chenye picha ya sarafu hiyo. Lakini sarafu iliyosuguliwa haikupewa namba, hata ingeng'aa vipi. Kusugua kunaondoa ule uso iliotoka nao kiwandani, na uso huo haurudi.

Baba hakuiamini kazi hii. Jumapili moja mezani alimwuliza Orrin, "Anayewalipa ndiye mwenye sarafu?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi mtampa anachotaka."

"Hatumjui ni nani."

"Atawajulisha tu." Akasogeza sahani yake. "Hebu nipe viazi."

Hilo lilimuuma Orrin kuliko kuuza kabati. Hakuhitaji Baba aipende kazi yake. Alihitaji aamini kwamba ni kazi ya haki.

Sasa, nyumbani tulikuwa na dola moja ya fedha, ujira wa kwanza wa babu alipofika kutoka Norway. Ilikaa katika kabati la vioo. Kila Pasaka Mama aliitoa akaisugua kwa magadi na mswaki wa zamani, mpaka iwake kama kikombe cha madhabahuni. Mwaka 1981, kabla ya kuvuna mahindi, Baba aliichukua kimyakimya akampa Duane Kettleson, muuza sarafu, aipeleke kupimwa kwa jina la duka lake. Nilimwuliza zizini kwa nini anafanya vile.

"Ina pengo karibu na bawa la yule tai wa upande wa nyuma," alisema. "Orrin ataijua. Nataka kuona kama mwanangu anapima au anabembeleza."

Nadhani alitaka vyote viwili, kumnasa na kupata cheti cha kutundika ukutani.

Yaliyotokea ofisini alinisimulia Bi Lorraine. Orrin aliiweka chini ya taa, akaigeuza, akaiinamia na lenzi yake. Kisha akairudisha juu ya kitambaa na kumwendea.

"Hii siipimi."

"Kwa nini?"

"Naijua."

"Ya nani?"

"Nikikuambia, na wewe utakuwa unaijua."

Bi Lorraine akakaa kwenye kiti cha Orrin, akaipima pamoja na wale wengine wawili. Hakuna aliyeandika namba. Dola ilirudi na kikaratasi: Imesuguliwa. Haipewi daraja.

Mama alikisoma jikoni, akatafuta kiti. "Ni mimi," alisema. "Pasaka zote hizo, ni mimi."

"Ulikuwa unaitunza," Baba alimwambia.

Jumapili Orrin alikuja na familia yake kama kawaida. Baba hakungoja chakula kipoe.

"Uliiona?"

"Niliiona nikaiacha. Walioipima ni wengine."

"Na kama ungeipima wewe?"

"Gunder, mwache mtoto ale," Mama alisema.

"Ningesema walichosema wao." Orrin akamgeukia Mama. "Nisamehe, Mama."

Baba alikunja kikaratasi, akakitia mfukoni pamoja na dola, akaenda kwa ng'ombe wake. Mavuno yote hakumsemesha Orrin ila kuhusu trekta. Orrin aliendelea kuja kila Jumapili, akabeba ndoo za maziwa, akasali sala ya chakula pamoja nasi. Hakumwomba Baba radhi kwa alichosema, wala hakukosa kuja.

Novemba kanisa letu huwa na karamu ya samaki. Orrin alikuwa akipita na birika la kahawa, na kwenye meza ya Baba alikaa jirani yetu Milo Harstad, ambaye mdomo wake haujui kupumzika.

"Wale wapimaji wa juu ya duka la viatu," Milo alisema, "ukiwalipa wanakupa hata sabini. Gunder, mpelekee mwanao vifungo vya shati lako. Vitapata sitini na tano."

Meza ikacheka. Baba akaingiza mkono katika koti lake la Jumapili, akatoa dola na kile kikaratasi. Vilikuwa humo tangu siku ile.

"Soma, Milo."

"Sina miwani."

"Iko kichwani mwako."

Milo akasoma. Akatazama dola, akamtazama Baba. "Hii si ya mzee wako? Wamekunyima wewe?"

"Wamenyima. Na mwanangu anakaa mle ndani." Sauti ya Baba ilifika meza za jirani. "Kwenye maonyesho ya ndama tunaleta mwamuzi kutoka kaunti nyingine, asijue ndama ni wa nani, na bado tunagombana. Hawa wanafanya hivyo kila siku. Sasa niambie nani kapewa anachotaka."

"Basi, mzee. Nilikuwa natania."

"Hata mimi nilianza hivyo hivyo," Baba alisema, akainua kikombe chake. "Mimina, mwanangu."

Orrin akamimina. Kikombe kikajaa, kahawa ikamwagika kwenye kisahani, na Baba akainywa mpaka ile ya kwenye kisahani.

Baadaye vyeti vya picha vilipitwa na wakati, sarafu zikaanza kufungiwa ndani ya plastiki ngumu, na ofisi ya Bi Lorraine ikafungwa. Orrin alikwenda kwenye ofisi kubwa zaidi, na lile sharti la kutokusanya akaenda nalo, ingawa huko hakuna aliyemlazimisha. Baba alipokaribia kufa alimwachia dola ya babu. Orrin aliipokea, kwa kuwa ilikuwa urithi usio na daraja, na haikuvunja sharti lake.

Mama hakuisugua tena. Sasa iko kwangu, imefifia, ukingoni imekuwa na rangi ya chai. Siku ya mazishi niliwaonyesha wale wanaume, pamoja na kikaratasi chake, wakapokezana kwa kuishika ukingoni kama Orrin alivyotufundisha. Pasaka ijayo nitaitoa kabatini, nimshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yangu, na niirudishe kama ilivyo.