Waya Niliopitisha Lamboni

Ukitaka kunikasirisha hadi leo, niulize tu kwa upole, "Limbu, huko Unguja umeme unapitaje?" Wapo wanaoniuliza. Watu wazima wenye wajukuu wananiuliza kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kisha wanatazamana na kukohoa. Na kwa kuwa kila mtu hapa Migato ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na wengine wameitia chumvi hadi ng'ombe wanapaa angani (hawakupaa, waliruka kama ng'ombe wanavyoruka), basi leo sikilizeni na ya mwenyewe. Nawaambia mapema kwamba hata nikiisimulia mimi aibu haipungui. Nilijiaibisha mbele ya wakwe, mchana, nikiwa nimevaa suti.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yalipojaa vitu ghafla na kila mwenye viatu akajiita mfanyabiashara. Mimi viatu nilikuwa navyo. Nilikuwa nikinunua pamba kwa niaba ya tajiri mmoja wa Bariadi, maana sasa hata watu binafsi walikuwa wamefunguliwa mizani, na faida yangu ilipotosha nauli nikasema siendi Mwanza kama washamba wengine, nakwenda Unguja, kwa sababu wakati ule redio iliyotoka Unguja ilisikika vizuri zaidi kuliko redio ileile iliyotoka Mwanza. Muulizeni yeyote.

Huko Unguja nilifikia kwenye gesti ya bwana mmoja mpole, na jioni ya kwanza nilikaa chini ya taa yake nikishangaa. Si kwamba sijawahi kuona taa, Bariadi taa zilikuwepo. Nilishangaa kimya chake, kwa sababu mimi niliamini kisiwa lazima kiwe na jenereta lake linalonguruma mahali fulani.

"Zamani tulikuwa na mashine zetu za mafuta," akaniambia yule bwana, "zikivuma na kuzimika zitakavyo. Sasa umeme watoka kwenu bara. Wenzetu wa Pemba ndio bado wangali na mashine."

"Unatoka bara unapitaje, na katikati ni bahari?"

"Wapita mumo humo baharini. Waya umelazwa chini ya maji."

Nikaitazama ile taa muda mrefu. Umeme uliovuka bahari yote ile, papa na pweza wakiutazama, ukafika na kuwaka bila kelele. Yule bwana hakuniambia kwamba waya wenyewe ni mnene kama mguu wa mtu na umevishwa maganda juu ya maganda, na mimi, kwa akili zangu nyingi, sikuuliza.

Nikarudi kwetu na jenereta dogo, bunda la waya wa kawaida mwembamba, balbu, redio ya kaseti na suti ya rangi ya maziwa. Ile suti kumbukeni.

Sasa wakati huo nilikuwa nimemchumbia Minza, binti wa Mzee Maduhu wa Nkoma, na mambo hayakuwa yamekaa sawa, kwa sababu kulikuwa na jamaa mwingine aliyemtaka, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno ya kuongea. Mzee Maduhu alikubali kuja kwetu kuwaona ng'ombe wa mahari, akiridhika nao binti ni wangu, asiporidhika anapitia kwa yule jamaa akiwa njiani kurudi. Alinitumia ujumbe hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Na yule mzee alikuwa na mtindo wake. Hakuwatazama ng'ombe zizini kama wazee wengine, meno sijui, kwato sijui. Yeye aliwatazama wakinywa maji. Alisema ng'ombe anaweza kukudanganya akiwa amesimama, lakini akinywa hawezi.

Mimi nikaona ng'ombe peke yao hawatoshi. Nikaona wakwe wafike wakute taa inawaka na redio inaimba, tena kimya kimya, kistaarabu, kama Unguja, bila kuona umeme unatoka wapi. Kwa hiyo jenereta halikufaa kukaa nyumbani likinguruma. Nikalipeleka kwa rafiki yangu Masunga, ng'ambo ya lambo letu la kunyweshea mifugo, nyuma ya nyumba yake. Kuuzungusha kando ya lambo, waya usingetosha. Kuupitisha moja kwa moja ulitosha, ukiunganisha vipande viwili katikati.

Hapo ndipo uamuzi wangu mdogo ulipozaliwa. Kama unavuka bahari, lambo ni nini?

Mama aliniona nikiwa majini, suruali imekunjwa, naulaza ule waya kwenye tope na kuubana kwa mawe. Pale kwenye kiungio nilifunga mfuko wa plastiki na mpira wa tairi la baiskeli, nikakaza kwa meno.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "hapo si ndipo ng'ombe wanapokunywa?"

"Mama, huko Unguja umepita baharini kabisa."

Mama hakuwa amefika Unguja, akarudi jikoni. (Nilikuwa na jibu hilo kwa kila swali wiki ile, na lilifanya kazi kwa kila mtu isipokuwa kwa maji.)

Masunga na mimi tukapatana ishara. Nikivua kofia na kuipunga, anawasha. Masunga alikuwa mtu wa kutii maelekezo, akarudia, "Ukipunga kofia, nawasha." Ishara ya kuzima hatukupanga. Nani anapanga kuzima siku ya kuchumbia?

Wakaja mchana, Mzee Maduhu mbele na fimbo yake, wazee wenzake, na shangazi yake Minza, mama mmoja mkubwa ambaye hakucheka tangu alipofika. Tukasalimiana, mwadila hapa mwadila pale, nikawakaribisha kwenye viti, nikasogea uani na kuipunga kofia.

Balbu ikawaka. Saa za mchana, jua kali, balbu inawaka, na kusema kweli ilibidi uweke kiganja juu yake ili uone kwamba inawaka. Lakini redio iliimba. Mzee Maduhu akaitazama, akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya nyumba.

"Mashine iko wapi?"

"Hakuna mashine, baba," nikasema, nimeweka mikono mifukoni. "Huu ni umeme tu."

Akaguna kwa namna ambayo niliihesabu kuwa sifa. Laiti angeguna tu tukaishia hapo. Akasimama, akasema, "Haya, tukawaone wakinywa."

Ng'ombe wakateremshwa lamboni. Walikuwa wazuri, sisemi kwa kuwa ni wangu, na mbele yao alikuwa mtamba mmoja mwenye mabaka ambaye mzee alishaanza kumtolea macho. Mtamba akaingia majini mpaka magotini, akainamisha kichwa, midomo ikagusa maji, na akakirusha kichwa juu kama mtu aliyepigwa kofi. Akarudi nyuma. Akajaribu tena, safari hii akaruka miguu yote minne. Wa nyuma yake wakaingia, wakagusa, wakaruka. Muda si muda ng'ombe wangu wote wa mahari wakawa wanacheza ngoma ndani ya lambo, kila mmoja na mtindo wake, na redio yangu kule nyumbani ikiwaimbia.

Nikajua. Nilijua palepale kwamba kiungio changu cha plastiki kinavuja. Nikavua kofia nikampungia Masunga kwa nguvu zote, azime.

Masunga akaniona. Akaelewa kwamba umeme hautoshi. Nikalisikia jenereta, lile ambalo halipo, likinguruma nyuma ya nyumba yake hadi ng'ambo ya pili, amelikandamiza mafuta yote aliyoweza.

Sasa mtu mwenye akili timamu angezunguka lambo kwa miguu. Au angemtuma mtoto mmoja akimbie kumwambia Masunga. Mimi nilikata moja kwa moja, majini, na suti ya rangi ya maziwa, nikimpigia Masunga kelele azime. Sikufika mbali. Nilihisi kitu kimenishika nyama za miguu zote kwa pamoja, nikaruka (wanasema juu sana, mimi sikupima), nikaanguka kifudifudi, nikainuka, kikanishika tena. Ng'ombe waliponiona nami nacheza wakaona mambo yamezidi. Wakatoka lamboni kwa kishindo, wakapita shamba la pamba la jirani, wakatokomea.

Masunga alizima alipoona mikono yangu haina kofia.

Nilitoka majini natiririka tope, na hakuna aliyecheka, jambo lililokuwa baya kuliko kicheko. Shangazi yake Minza alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, ameshika kifua.

"Maji haya yana kitu," akasema. "Ng'ombe wanakataa maji. Na mwenyewe yanamkataa."

Wazee wakaanza kutazamana, na mimi nilijua neno linalofuata, na neno hilo likishasemwa kwenye boma lenu hakuna binti wa watu atakayeingia tena. Ikabidi niseme ukweli wote, nikionyesha waya, nikimwita Masunga aje na jenereta lake kichwani kama ushahidi. Nikawaeleza Unguja, bahari, mashine za Pemba, gesti, kila kitu.

Mzee Maduhu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Huko Unguja, ng'ombe wanakunywa bahari?"

Nikaanza kukamua koti la suti yangu.

Shangazi akasema kama ni waya tu, basi ninywe mimi kwanza. Nikapiga magoti ukingoni mwa lambo, nikanywa maji ya tope kwa mikono, watu wa Nkoma wamenisimamia, na mama yangu ametazama pembeni. Nilimwona Minza siku nyingine akicheka mpaka kulia aliposimuliwa hapo, lakini siku ile sikujua kama nitamwona tena. Niliogopa, jamani. Nilikuwa nikinywa na kuogopa.

Mzee alikaa akachora chini kwa fimbo. Hatimaye akasema mtamba yule mwenye mabaka aliinama vizuri kabla ya kupigwa, kwa hiyo ni mzima, wengine wakipatikana atawapokea. "Lakini binti yangu haingii nyumba yenye umeme. Uape hapa, mbele ya hawa."

Nikaapa. Siku ile ningeapa hata kutovaa viatu.

Mzaha wa kiapo hicho mlikuja kuuona ninyi wenyewe. Jenereta likaenda kwa Masunga, akafungua banda la video akanenepa. Miaka ikapita, watu wakaweka sola, nikamwambia Minza jua si mashine wala si bahari, akanijibu, "Baba alisema umeme. Hakusema wa wapi." Nguzo zikafika Migato, zikapita uani kwangu kwenda kwa majirani. Mimi niliyewaletea taa ya kwanza kijijini nikawa napeleka simu kuchaji kwa watoto wa watu waliozaliwa baada ya suti yangu kuoza.

Juzijuzi Mzee Maduhu akaja kututembelea, mzee kabisa sasa, na kwake Nkoma ana taa kila chumba na friji. Akakaa sebuleni, akapapasa kutafuta kikombe, akakimwaga.

"Mkwe, kwako mbona giza hivi?"

"Ni kile kiapo, baba."

"Kiapo kipi?"

Alikuwa amesahau. Mimi nimekaa na koroboi ujana wangu wote, mwenyewe amesahau. Ikabidi Minza amsimulie upya, na yeye akacheka hadi akashikilia ukuta, kisha akajifuta macho na kusema wale ng'ombe walishakufa zamani, nivute umeme. Nikainuka kumshukuru, akaninyooshea fimbo.

"Ila usiuguse wewe. Swichi ni ya Minza."

Basi umeme ninao, njooni muone. Na nimeapa tena, safari hii kwa hiari, kwamba sitagusa waya, swichi wala kofia. Minza huwasha, Minza huzima. Shida ni Jumatano tu, maana Jumatano ana mazoezi ya kwaya na huchelewa kurudi, na mimi nakaa gizani kumsubiri.