Chupa Tuliyokuwa Tukiiongezea

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, na siku ile tangazo liliposomwa gwarideni masikio yangu yaliwaka moto. Meja wetu, daktari wa kambi, alisimama mbele yetu asubuhi kambini, pale upande wa Mbuya, Kampala, karatasi mkononi, akasoma polepole kama kawaida yake. Kila askari wa tiba aliyejifunza kazi kwa mkono tu, bila cheti, atarudi darasani miezi tisa. Atakayefaulu mtihani wa mwisho atapata cheti na kuandikwa upya kwenye orodha ya mafundi wa maabara. Atakayefeli atavuliwa koti jeupe arudi kwenye kazi za kawaida, yaani geti, stoo au jiko.

Mimi! Sajini mzima! Nilikuwa nasoma damu tangu vitani. Mwaka wa mwisho wa vita daktari mmoja alinifundisha chini ya turubali, kwa hadubini ya jicho moja ambayo taa yake ilikuwa jua. Ukigeuza kioo vibaya huoni kitu. Vita vikaisha, tukaingia Kampala, nikapewa chumba chenye meza, sinki na hadubini ya macho mawili, nikajiona nimefika. Kambi nzima ikiumwa ilipita mlangoni kwangu. Sasa mtu aniambie nirudi kukaa na watoto wa shule?

"Afande, hao walimu wamewahi kupima damu mabomu yakilia?" nilimwuliza Meja baada ya gwaride.

"Sajini," akasema, "nenda kasome."

Ndiyo afande. Basi nikaenda.

Shule ilikuwa juu kule Mulago, kilima cha hospitali kubwa, darasa lenye madirisha marefu na stuli zinazolia ukikaa. Askari tulikuwa wachache, wengine wote walikuwa vijana waliotoka sekondari juzi tu, mashati yamepigwa pasi, kalamu za rangi tatu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na buti. Mwalimu akiniuliza swali nilikuwa nasimama wima, mikono ubavuni, stuli inaanguka nyuma yangu. Wiki ya kwanza ilianguka mara nyingi, na kila mara darasa lilicheka.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja Mganda, mwembamba, mfupi, miwani imefungwa uzi shingoni. Wengine aliwafundisha kwa Kiingereza na kuwagombeza kwa Kiganda. Mimi baba yangu alikuwa polisi, nimekulia katika nyumba za polisi ambako Kiswahili ndicho kilikuwa cha nyumbani, na Kiganda changu kilikuwa cha sokoni tu. Kwa hiyo akiniona nimepotea aligeukia Kiswahili, kile chake alichokiokota barabarani, hakijali sarufi ya mtu.

Siku ya pili alitugawia slaidi kumi kila mmoja, damu tayari imekauka juu ya kioo na kutiwa rangi, tuzisome. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku yao ya kujua mimi ni nani. Vijana walikuwa bado wanatafuta mwanga, mimi nimeshamaliza. Nikapeleka karatasi mbele kwa hatua za gwaride. Slaidi kumi, malaria kumi.

Mama yule alisoma karatasi yangu, akavaa miwani, akaisoma tena.

"Wewe afande," akasema, "kule barakisi yenu kila mutu iko na mararia?"

Darasa likapasuka. Kumbe zenye malaria zilikuwa nne tu. Sita zilikuwa safi kabisa. Nikamwambia mwalimu, mbele ya watu wote, kwamba nimesoma malaria kabla hao wanaocheka hawajajua kufunga kamba za viatu, na kama slaidi zake ni mbovu asinisingizie mimi. Nilisema hivyo kweli. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Hakukasirika. Alivuta stuli karibu na yangu, akasema, "Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Pale, na pale, na pale: vidoa vya zambarau iliyokolea, vile vile nilivyoviona maisha yangu yote. Akanishika mkono, akauweka kwenye gurudumu dogo la pembeni la kusogezea lenzi juu na chini, akalizungusha na vidole vyangu pole pole. Chembe za damu zikafifia. Vidoa vikabaki wazi, vinang'aa, vimekaa juu ya chembe na wala si ndani yake.

"Kijidudu ya mararia nakaa ndani ya nyumba," akasema. "Hii nakaa juu ya paa. Hii ni uchafu ya rangi. Hizi sita mimi nilipaka na rangi chafu, makusudi, nione nani atadanganyika. Kwenu rangi munachuja?"

Tulikuwa hatuchuji.

Ngoja nieleze, maana asiyekuwa jeshini hawezi kuelewa. Jeshini hakuna kitu kinachomwagwa. Ndoo ikitoboka haitupwi mpaka ikaguliwe, iandikwe, afande asaini, ndipo itupwe. Na rangi ya maabara ilitoka stoo kwa saini. Sasa nani angethubutu kumwaga rangi ya serikali? Tulikuwa na chupa moja kubwa ya kahawia, shingo pana, mimi mwenyewe niliirithi kutoka vitani. Ikipungua tunaongezea. Rangi kidogo, maji kidogo, unatikisa, unaendelea na kazi. Miaka yote hiyo hatukuimwaga hata siku moja, wala kuiosha, wala kuichuja. Chini yake kulikuwa na tope la zambarau kama masalia ya kahawa, nami nikiliona nilidhani ndiyo nguvu ya rangi. Nilikuwa naisifu ile chupa. Nilikuwa nawaambia vijana wangu, hii chupa imeona vita.

Kwa hiyo kila damu iliyopita katika chupa ile ilitoka na vidoa, na kila kidoa mimi nilikiita malaria.

Nilitoka nje nikasimama kando ya ukuta. Aliyenijia akilini alikuwa koplo wetu wa jikoni. Bwana huyo aliumwa homa, akaja kwangu, nikamwandikia malaria. Akanywa dawa, homa haikuondoka, akarudi. Malaria. Akarudi mara ya tatu, anatembea ameshika ukuta, midomo imepasuka. Malaria tena, na mwandiko wangu ukiwa umenyooka vizuri. Mwisho walimbeba kwenda hospitali kubwa, wakamkuta na homa ya matumbo. Alipona, namshukuru Mungu, lakini alirudi amebaki mifupa, na akanisalimia vile vile, "Afande wangu, daktari wetu." Sikuwa nimejiuliza hata mara moja kwa nini karatasi yangu ilikosea. Nilisema tu kwamba alikuwa na vyote viwili.

Niliona aibu.

Jioni ile nilifungasha begi. Nje ya shule kulikuwa na mama mmoja Mkenya aliyekuwa akiuza chapati, na kwa sababu ya Kiswahili tulikuwa tumeanza kuzoeana. Akaliona begi.

"Unaenda wapi na mzigo?"

"Narudi kambini. Shule imenishinda."

"Siku mbili tu imekushinda? Na huko kambini watakuweka wapi?"

"Getini, labda."

"Ala! Ufungulie magari na hicho kichwa chako kikubwa?" Akanifungia chapati mbili kwenye gazeti. "Kaa chini ule, halafu urudishe begi. Hasira zako zipeleke kwenye kitabu."

Nikala. Begi nikalirudisha.

Miezi ile sijawahi kusoma vile. Niliomba mwalimu anikabidhi kazi ya kutengeneza rangi ya darasa zima, kila asubuhi, na kila asubuhi niliipitisha kwenye karatasi ya kuchujia, tone kwa tone, nikimwaga ile ya jana sinkini. Mara ya kwanza nilimwaga nusu tu, wallahi. Niliangalia mlangoni kama mwizi, nikisubiri mtu aniulize ni nani amesaini. Mwalimu alicheka akapiga meza. "Mwaga, afande, mwaga! Rangi si bendera!" Polepole nikaanza kuona tofauti: pete ndogo yenye jicho jekundu, imejikunja ndani ya chembe yake, hiyo ni malaria. Na nikajifunza jambo lililokuwa gumu kuliko yote, kutazama kioo kizima, mistari mia, na kuthubutu kuandika neno "hakuna."

Siku ya mtihani wa mwisho waliingia watahini wawili wa kutoka nje, mwalimu wetu akakaa pembeni, na kwa ajili yetu askari akaja Meja mwenyewe. Alikuja na sanduku la slaidi za zamani kutoka kambini na kitabu chetu cha majibu. Sera ilitaka tupimwe kwa kazi ya jeshi, akasema. Vijana wa sekondari wao walipewa za shule.

Nikaitwa. Slaidi nne za kwanza zilikwenda vizuri: mbili malaria, moja safi, moja minyoo ya damu, nikaitambua mara moja. Ya tano nikaiinua kuelekea dirishani kabla ya kuiweka, na pembeni mwa kioo nikaona namba iliyokwaruzwa kwa sindano, na saba yenye kamstari katikati. Ni mimi ninayeandika saba hivyo. Na namba ile naijua, nimeiita foleni mara tatu. Ilikuwa namba ya koplo wa jikoni.

Nikaiweka chini ya hadubini. Loo, uchafu ulikuwa mwingi kama mawingu. Nikatembea mstari kwa mstari, kioo kizima. Juu ya paa tu. Ndani ya nyumba hakuna mtu.

Meja alikuwa na kitabu wazi mbele yake. Nilijua kilichoandikwa mle, maana niliandika mimi, na chini yake kulikuwa na saini yake yeye. Nikisema malaria, nimekubaliana na kitabu, nimepata alama, koti langu jeupe ninalo. Nikisema hakuna, namwambia afande wangu mbele ya raia kwamba mimi na yeye nusura tumwue mtu. Nilifikiri geti. Nilifikiri kusimama pale na bunduki nikifungulia magari ya wakubwa hadi nizeeke. Niliogopa, sisemi uongo.

"Sajini, jibu," Meja akasema.

Nikasimama. Stuli ikaanguka.

"Hakuna vijidudu vya malaria, afande. Ni uchafu wa rangi isiyochujwa."

Akatazama kitabu. "Hapa kimeandikwa malaria."

"Kitabu kimekosea, afande. Mwandiko ni wangu mimi."

Mtahini mmoja akavuta hadubini, akainama. Akazungusha gurudumu dogo, akazungusha tena, akampisha mwenzake. Yule wa pili alitazama muda mrefu mpaka nikahesabu madirisha yote ya darasa. Halafu akasema kwa Kiingereza kwamba slaidi ni safi na kwamba huyu aliyeipaka rangi alistahili viboko.

"Aliyeipaka ndiye huyu," Meja akasema.

Mwalimu wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika kwa kicheko. Meja akachukua kalamu, akalifuta jibu la zamani kwa mstari mmoja, akaandika jipya pembeni, akasaini tena. Kisha akaniangalia, na ile sauti yake ya polepole ikawa ya mtu wa kawaida.

"Na hizi nyingine kitabuni, Sajini, ziko ngapi?"

"Sijui, afande. Nipe chumba changu nizisome zote upya."

Nilifaulu! Majina yalipobandikwa ukutani langu lilikuwa la pili, na vijana waliokuwa wakinicheka walininyanyua juu na buti zangu zote, wakapiga vigelegele hadi wagonjwa wakachungulia. Mwalimu akanishika mashavu kama mtoto wake. Nililia, na sikujali nani anaona. Mama wa chapati alikataa pesa yangu, akawaambia wateja wake wote kwamba yeye ndiye aliyenisomesha.

Kambini Meja alisoma barua ya uteuzi gwarideni, fundi wa maabara mwenye cheti, na kuanzia siku hiyo wale wote waliojifunza kwa mkono watafundishwa kwanza na mimi kabla ya kupelekwa shule. Tulipotawanyika nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba changu. Chupa ilikuwa pale pale kwenye rafu. Nikaichukua kwa mikono miwili, nikaipeleka sinkini, nikaipindua. Lile tope halikutaka kutoka, nikalipiga kwa kiganja mpaka likadondoka. Mkuu wa stoo alikuja mbio, maji ya zambarau yalikuwa yamefika kwenye mfereji wake.

"Afande! Hiyo mali ya serikali! Nani amesaini?"

"Lete kitabu," nikamwambia.

Nikasaini, na cheo kipya chini yake.

Mgonjwa wa kwanza asubuhi iliyofuata alikuwa koplo wa jikoni, anatetemeka, amejifunga taulo shingoni. Nikamchoma kidole, nikapaka, nikachuja rangi, nikatazama mistari mia moja bila haraka. Nikaandika neno moja kwenye karatasi nikampa. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna lingine.

"Hakuna?" akasema. "Wewe? Banange, jamani! Sasa afande wangu naumwa nini?"

"Sijui bado," nikasema. "Kaa hapo. Leo tutatafuta."