Koti la Mlinzi wa Stoo

Kwa miaka kumi na moja nilisimamia ugavi na huduma katika idara moja kubwa ya serikali, ofisi yetu ikiwa Kitale na tawi dogo likiwa Bungoma. Watu wakisikia ugavi hudhani ni kazi ya kugawa. Kazi yangu hasa ilikuwa kukataa. Magari na mafuta yake, madawati, mashuka ya nyumba ya wageni, sabuni, majani ya chai ya saa nne, walinzi, wafagiaji na fagio zao, maombi ya vyote hivyo yalipita mezani kwangu, na mengi yalirudi yalikotoka.

Sheria kuu ilikuwa kwamba kipya hakitoki mpaka kizee kirudi. Mfagiaji akitaka ufagio, alete kigutu cha ule uliochakaa. Dereva akitaka tairi, alete tairi lililokufa. Karani wangu wa stoo, mama wa makamo kutoka Kimilili, aliwajibu watu kupitia dirishani kwamba mkono mtupu haulambwi, kisha akafunga dirisha. Kwa hiyo tulikuwa na stoo mbili, moja ya vitu na nyingine, kubwa zaidi, ya maiti za vitu. Maiti hizo hazikuweza kutupwa mpaka kamati ya watu watatu itoke Nairobi, izitazame, na ikubali kwa maandishi kwamba kweli zimekufa. Katika miaka yangu yote kamati ilikuja mara mbili. Mara ya pili mmoja wao alikuwa na haraka ya kwenda kununua mahindi mabichi, kwa hiyo tulifika mpaka kwenye fagio tu.

Mwaka mmoja wezi waliingia ofisi ya Bungoma wakang'oa balbu kumi na moja. Balbu iliyoibwa haina maiti. Mkuu wa tawi lile, mtu mwenye akili zake, akamtuma dereva kuzunguka mtaa wa Matisi akiokota balbu zilizoungua, naye akaniletea kumi na moja ndani ya katoni. Nilizikagua moja moja. Mbili zilikuwa za taa za gari. Nikampa mpya tisa, na siku hiyo nilikwenda nyumbani nikijiona mtu wa haki sana.

Nilikuwa na sababu zangu. Aliyenitangulia katika kile kiti alitia saini kwamba amepokea vitanda ambavyo hakuwa ameviona, na vitanda vile havikuonekana na mtu mwingine yeyote baadaye. Alikwenda nyumbani bila hata barua ya shukrani. Wazazi wangu walihamia sehemu ya Kwanza, karibu na Kitale, kutoka Murang'a, wakalima mahindi maisha yao yote, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika nyumba yetu kupokea mshahara wa mwezi. Niliapa kwamba sitatia saini kitu nisichokiona kwa macho yangu. Niliogopa kuipoteza kazi, na woga huo nikauita uaminifu.

Mlinzi wa stoo alikuwa mtu wa Naitiri, mrefu, mwenye maneno machache. Nilimkuta pale nilipofika. Kila asubuhi nilipoingia langoni alisimama wima akaniambia kwamba stoo imelala salama, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa. Idara ilikuwa imempa filimbi, rungu, tochi na koti. Hilo koti lilikuwa zito, la sufu ya buluu nyeusi, ukosi wake unafika masikioni, vifungo sita vya shaba, na nambari ya serikali imeandikwa kwa rangi nyeupe chini ya ukosi. Baridi ya Kitale haina utani, lakini yeye alilivaa hata Januari jua likiwaka. Madereva walimtania kwamba alizaliwa nalo. Aliniambia siku moja kwamba katika maisha yake hakuwa amepewa kitu kingine kipya na mtu yeyote, na nilimjibu kwamba hakupewa, aliazimwa. Alicheka. Mimi nilikuwa nasema kweli tupu.

Alikufa wakati wa mvua, baada ya kulazwa wiki moja kwa homa ya mapafu. Idara ilinituma niiwakilishe kwenye mazishi. Kwenye tikiti ya kazi ya gari niliandika kwamba safari ni ya kukagua vifaa Naitiri, kwa sababu karatasi ile haikuwa na nafasi ya maziko, na ofisa mmoja Nairobi alikuwa ametuandikia kwamba magari ya serikali hayaendi matanga. Jambo hilo nalitaja sasa kwa sababu karatasi nyingine nilizijaza uongo bila kusumbuka hata kidogo.

Jeneza lilikuwa juu ya meza uani, limefunguliwa ili watu wamuage. Mjane wake, mama mwembamba aliyetembea kwa utulivu, alitushika mkono mmoja mmoja akatupeleka. Nilisimama upande wa kichwa. Marehemu alikuwa amevalishwa lile koti, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mzee aliomba mwenyewe, alisema huko chini kuna baridi. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu vifungo. Vilikuwa sita. Kisha nikaitwa kusema, nikasema kwamba idara imempoteza mtu aliyetunza mali ya serikali mpaka siku yake ya mwisho. Watu waliitikia kwa vichwa. Tulikula, tukarudi Kitale kabla barabara haijaharibika kabisa.

Mwezi uliofuata fomu yake ililetwa mezani kwangu. Kila mtumishi anayeondoka, kwa kustaafu ama kwa kufa, huwa na fomu ya kuonyesha kwamba hana kitu cha serikali mikononi. Bila saini zote hakuna mafao, na yule mama alikuwa na watoto wanne shuleni na shamba la ekari moja na nusu. Saini zote zilikuwepo isipokuwa yangu. Mama alikuwa amerudisha filimbi, rungu na tochi, tena tochi ikiwa na mawe yake ndani. Koti tu ndilo halikurudi.

Fomu ilinipa njia tatu. Kama kitu kimerudi, andika kimerudi. Kama kimepotea, ambatisha karatasi ya polisi. Kama kimechakaa, mabaki yaonekane. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mwenyewe amezikwa nacho. Mtu mwingine angeandika limerudi, akapiga muhuri, akaenda kunywa chai. Karani wangu alinishauri hivyohivyo, kwa maneno ya adabu. Mimi niliwaandikia makao makuu kuomba mwongozo. Wakakaa miezi miwili, kisha wakajibu kwa sentensi moja kwamba kanuni zifuatwe. Sheria ni msumeno, nilimwambia karani. Yeye alinitazama akaendelea kuhesabu bahasha.

Basi niliandika barua. Sitamsingizia mpiga chapa wala makao makuu, maneno yalikuwa yangu. Nilimwambia mjane wa marehemu kwamba kumbukumbu zetu zinaonyesha koti moja, zito, la buluu, nambari kadha wa kadha, halijarejeshwa, na kwamba anatakiwa kulirejesha ama kutoa maelezo ili fomu yake ishughulikiwe. Nilitegemea atoe maelezo. Angeleta karatasi kutoka kwa chifu inayosema koti limezikwa, mimi ningeiambatisha, na kila mtu angekuwa na kitu cha kushika mkononi. Nilidhani nimemfungulia mlango. Barua ikaenda na dereva, ikaachwa kwa chifu.

Alikuja baada ya siku kumi, saa nne asubuhi, watu wakiwa kwenye chai. Karani aliniita nikamkuta amesimama dirishani na furushi lililofungwa kwa leso. Akalifungua. Ndani mlikuwa na koti.

Lilikuwa koti la mtumba, zito kweli, la rangi ya kahawia. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo ya mikono ilisimama. Mabega yake yalikuwa membamba, na lilifungwa kwa upande wanaofungia wanawake. Vifungo vyake vya asili vilikuwa vimekatwa, na mahali pake vimeshonwa vifungo sita vya chuma cha manjano, viwili vikubwa kidogo kuliko vingine. Nikageuza ukosi, kwa mazoea tu. Chini yake, kwa rangi nyeupe na kwa mkono usiozoea brashi, ilikuwa imeandikwa nambari ya serikali. Ilikuwa sahihi. Ilinakiliwa kutoka kwenye barua yangu.

Nilimwambia taratibu kwamba hili silo. Hakubishana.

"Ile ingine uliiona," alisema. "Ulikuwa umesimama pale kwa kichwa yake. Sasa hii ndio iko."

Karani akageukia rafu akaanza kupanga vitu vilivyokuwa vimepangwa tayari. Nami nikafanya kazi yangu. Nikachukua kitabu cha stakabadhi, kile chenye nakala tatu na nambari kila ukurasa, nikaandika kwamba limepokewa koti moja, zito, hali nzuri. Pale pa rangi nikaandika buluu. Nikaihamisha nambari ya stakabadhi kwenye fomu, nikatia saini, nikapiga muhuri. Ilichukua dakika nne. Miezi yote ile ilikuwa inangoja dakika nne.

Baada ya kupokea nguo, kanuni inataka mifuko ikaguliwe. Nikaikagua. Katika mfuko wa kulia nikapata kitambaa cha mkono kilichotariziwa msalaba na maneno ya kikundi cha akina mama wa kanisa. Nikamuuliza hili koti ni la nani. Akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akasema ni lake, mzee alimnunulia sokoni hapa Kitale alipojifungua kitinda mimba. Akaongeza kwamba Naitiri si baridi sana, na jikoni kuna moto. Aliyasema hayo kama vile mimi ndiye niliyehitaji kutulizwa.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena mpaka leo. Nikalisukuma koti lirudi upande wake, nikamwambia alichukue aende nalo. Karani, ambaye kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitafuta njia ya kitu kutoka stoo, aliwahi kunizuia. Alinikumbusha kwamba stakabadhi imeshakatwa na nambari yake iko kwenye fomu. Koti lisipokuwepo stoo, wakaguzi wakija, fomu inakuwa ya uongo na mama anadaiwa upya. Kisha akasema njia ipo. Lililozeeka limerudi, kwa hiyo mwenye nambari ile ya ukosini anastahili kutolewa lingine. Tuandike kwamba ametolewa hilihili.

Mwenye nambari ile alikuwa kaburini tangu mvua za mwanzo. Nilifungua kitabu cha kutolea vitu, nikaandika tarehe, nikaandika koti moja, nikaandika nambari ya mlinzi marehemu kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa uongo wa kwanza niliouandika katika kitabu kile, na uliniingia mwepesi kabisa. Kilichobaki ni alama ya mpokeaji. Nikafungua kibweta cha wino nikakisogeza karibu na mkono wake, nikamwambia aweke kidole tu, koti liwe lake.

Akakitazama kile kibweta. Akautazama ukurasa, mistari yake na safu zake, bila kuusoma kwa kuwa hakujua kusoma. Mikono yake akairudisha chini ya leso.

"Nikiweka kidole hapo itakuwa ya selikali," alisema. "Siku nikikufa mutaandikia watoto wangu balua."

Nilimwambia sitaandika. Nilimwambia mara mbili, na mara ya pili nilimwita mama yangu.

"Wewe uliandika," alisema, bila hasira yoyote, "na ulikuja matanga."

Akauliza kama fomu imemalizika. Nikamwambia imemalizika, aipeleke chumba cha tatu wanakoshughulikia mafao. Akaikunja mara mbili, akaiweka kifuani, akatushukuru wote wawili, akatoka. Mvua ilikuwa imeanza kunyunyiza. Nilimwona akijifunika leso mabegani na kuvuka uwanja kuelekea chumba cha tatu. Baadaye kidogo nilimwona tena akitoka langoni, akimpa mkono mlinzi mpya kwa heshima. Nilikuwa bado nimelishika koti, limepigwa pasi vizuri, na nikaanza kulia nikiwa kazini, mbele ya karani wangu, saa tano kasoro robo asubuhi.